Mizani ya Unga

Gramu mia nane ishirini na mbili.
Nimeilaza juu ya mizani ya unga,
pale pale ninapopimia mkate wa Jumapili.
Mshale umetetemeka, kisha ukatulia
kama kondoo aliyekubali kunyolewa.

Bwana Pruett, dukani kwake Elko, aliisifu kwa pumzi moja:
ni bastola, Bi Maite, na ni bunduki ya marisau,
viwili kwa bei ya kimoja na nusu.
Silinda ndefu kama gunzi la hindi, chemba tano,
mdomo mfupi, mpana, usio na haya.
Nikamkumbuka popo:
ndege walimkana, wanyama wakamkana,
na bado usiku anashiba.

Sababu ninazo.
Juni, kwenye mfereji wa maji, Beltza aliumwa.
Nyoka yule alipiga njuga zake kwa adabu zote,
ila mbwa wangu alikuwa amekwisha kuwa kiziwi.
Nilimzika na ukosi wake, kisha nikaufukua ukosi.

Agosti, pikapu nyeupe ilisimama langoni,
taa zimezimwa, dakika kumi na moja.
Nilizihesabu dirishani, kisu cha mkate mkononi.
Askari wa kaunti yuko maili arobaini.
Bunduki ya marehemu Xabier iko kabatini, ndefu kama yeye,
na bega langu la kulia halijanisamehe
tangu beberu anigonge zizini.

Basi jana nikabandika magazeti kwenye boksi la friji,
nikaenda nyuma ya ghala.

Hatua tatu: matundu nilichoka kuyahesabu,
yote ndani ya sinia moja.
Nyoka angekuwa marehemu, na mimi ningekuwa nacheka.

Hatua kumi: nilichora mtu kwa mkaa, kofia na vyote.
Kishindo kilipanda hadi kiwiko,
marisau yakatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.
Mtu wangu alipata tisa.
Mawili kofiani, moja shingoni, mengine mkononi,
na kifuani, nilipokuwa nimemchorea kifungo,
hapakuwa na kitu.
Angezidi kuja, mzima,
na sasa angekuwa na sababu.

Changanya, alisema Pruett kwenye simu.
Marisau mbele, risasi nzito nyuma.
Lakini silinda huzunguka kwa zamu yake, haiulizi.
Niijue foleni ya hofu zangu
kabla haijapiga hodi hata moja?
Nikimkuta nyoka kwenye zamu ya mtu,
nitachimba shimo kando yake.
Nikimkuta mtu kwenye zamu ya nyoka,
nitamtia vipele na hasira.
Mshika mbili, moja humponyoka:
waliosema hivyo hawakusema ni ipi.

Leo asubuhi kijana wa akina Lundquist amekuja kuazima koleo la waya.
Kwa pikapu nyeupe.
Nikamuuliza kuhusu Agosti.
Akaiva hadi masikioni:
langoni kwako tu, Bi Maite, ndipo simu hushika,
na msichana yuko Reno.
Dakika kumi na moja za mapenzi.
Nikampa koleo, nikampa na nusu ya mkate.
Hakujua kwa nini mkono wangu ulikuwa mzito.

Pruett ataipokea tena, kwa hasara yangu.
Sijampigia.
Maji ya mfereji yanafunguliwa kesho alfajiri,
na nyasi zimefika magotini.

Nimejaza chemba nne, zote marisau, zote za nyoka.
Ya tano nimeiacha wazi.
Nikiifungua silinda na kuielekeza dirishani,
naona kupitia tundu hilo
kipande cha mlima, theluji ya mwaka jana,
na lango langu,
dogo kama kifungo.